Geti Nililopima kwa Mdomo

Nilijenga ukuta kwanza, nikalikumbuka tela baadaye. Afadhali niseme mwenyewe, maana nikizungukazunguka majirani zangu wa Igogo, hapa Mwanza, watakuambia kabla sijafika aya ya pili.

Mimi nina shangingi. Si haya ya vioo vyeusi yanayopishana mjini kwa kiburi. La kwangu ni la kazi, la dizeli, lina chuma kinene nyuma cha kuvutia tela, na linakunywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi aliyefika lamboni. Pamoja nalo nina tela la kulala: kijumba cheupe juu ya magurudumu, chenye vitanda viwili, meza ya kukunja, jiko la gesi, sinki, na kidirisha chenye pazia la maua. Nilivinunua vyote kwa mkandarasi wa barabara aliyekuwa anafunga kambi. Siku naviingiza nyumbani uwanja ulikuwa wazi, watoto wa mtaa wakanishangilia kama harusi. Kesho yake nikaanza kuogopa wezi. Na kwa kuwa kazi yangu ni kufyatua matofali pale Mkuyuni, nikaleta tofali za inchi sita, zile nilizozichagua moja moja, nikajizungushia ukuta na kupandikiza vipande vya chupa juu yake. Fundi akaniuliza, "Bosi, geti upana gani?" Nikamjibu nikiwa nimekaa kwenye kiti, chai mkononi: "Wewe hakikisha shangingi linapita na vioo vyake vya pembeni."

Shangingi linapita vizuri kabisa. Tela ni pana kuliko shangingi kwa kiganja kizima, kila upande.

Utashangaa imekuwaje nisijue kwa miaka miwili. Sikujua kwa sababu sikuwahi kulitoa. Wenye magari ya kupanda milima hupanda milima. Mimi hupanda kitandani. Safari yangu ndefu ni Igogo mpaka Mkuyuni, na nikichelewa kurudi mke wangu huuliza kama nimeugua. Tela likageuka mahali pa kuku kutagia. Binti yangu Kabula akalipiga picha na kuweka kwenye simu yake, akaandika "kambini," na rafiki zake wa Dar wakaamini.

Mpaka Jumamosi iliyopita, ambapo ilibidi litoke. Lakini ili uelewe ujinga wangu ulivyo mkubwa, sharti nikurudishe nyuma, kwa wenzangu waliokua wakati pantoni la Kigongo, la kuvusha watu ziwani kwenda Sengerema, ndilo lililopanga lini mtu ataoa, lini atazika na lini ataonana na mama yake.

Baba yangu alikuwa dereva wa chama cha kununua pamba. Gari halikuwa lake. Lilikuwa la rangi ya majivu, viti vyake vimepasuka vinatoa manyoya, na nyuma lilivuta tela la mbao lenye pembe za chuma. Msimu wa pamba tela lilibeba magunia mpaka juu. Msimu ukiisha, shule zikifungwa, baba alitumwa Sengerema kukusanya mizani na magunia yaliyobaki. Na kwa kuwa kwao baba ni huko Sengerema, na tela lilikuwa linakwenda tupu, mkubwa wake alimruhusu atupakie. Basi tunapakiwa: mama mbele, na nyuma telani mapacha Kulwa na Doto, na mimi Shija niliyezaliwa baada yao. Jina langu tu linakuonyesha nilivyokuja duniani nikiwa nimechelewa, nikakuta nafasi nzuri zimeshachukuliwa. Kulwa anakaa kushoto, Doto kulia, mimi katikati, magoti yangu yanagusa kidevu, chini yetu magunia matupu yenye harufu ya vumbi, mafuta na mbegu za pamba. Mpaka leo nikinusa gunia jipya pale kazini nasimama kidogo. Vijana wangu wanadhani nahesabu.

Ila nilikuwa na cheo ambacho mapacha hawakuwa nacho. Nilikuwa mpimaji.

Baba alikuwa na fimbo ya mkaratusi aliyoikata sawasawa na upana wa tela, si wa gari. Ncha zake mbili alizifunga kitambaa chekundu. Ilikaa nyuma ya kiti chake, na hakuna aliyeruhusiwa kuichezea, hata kuchokolea embe. Tukifika penye wembamba, iwe kalavati, iwe mlango wa boma la mtu aliyeweka magunia yake ndani, iwe geti la kiwanda cha kuchambua pamba, baba anasimamisha gari na kupiga honi mara moja. Mimi naruka chini na fimbo yangu, naiweka ikatiza njia, natazama ncha ya huku, nakimbia natazama ncha ya kule, halafu napaza sauti: "Inapita, baba!" Au: "Haipiti!" Na gari zima la watu wazima linanisikiliza mimi, mtoto wa kaptula yenye viraka viwili nyuma kama macho. Sijawahi tena kusikilizwa hivyo, hata ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Baba alikuwa na usemi wake, alikuwa anausema bila kugeuza kichwa: "Gari linapita kila mahali. Kinachokwama ni tela. Ukiwa unavuta, usijipime wewe, pima unachokivuta."

Umeanza kuona aibu yangu inatokea wapi.

Njia ya Kigongo wakati huo ilikuwa vumbi tupu. Tukipita Usagara, sisi watatu tulikuwa weupe nyusi na kope kama wazee. Halafu upepo unabadilika. Kabla hujaona maji unayanusa: ubichi, matope, samaki, moshi wa kuni. Na kabla hujaliona pantoni unaiona foleni. Malori ya mkaa, mabasi yenye kuku juu, ng'ombe wa mnada, baiskeli zenye mikungu ya ndizi. Foleni ikiwa fupi, tunavuka jioni hiyo hiyo. Pantoni likiwa bovu, tunakaa siku mbili, na safari moja tulikaa tatu. Watu wazima walinung'unika, waliapa, walimtafuta nahodha. Sisi watoto tulikuwa tunamwomba Mungu kimyakimya liharibike.

Maana hapo ndipo mama alipofanya maajabu yake. Baba akishalifungua tela kutoka kwenye gari na kuliwekea mawe kwenye magurudumu, mama anatandika magunia, anafunga kitenge chake mlangoni, na pale palipokuwa pa kubebea pamba pamekuwa kwetu. Tuna mlango. Ukitaka kuingia unapiga hodi, na Kulwa asipopenda sura yako hakujibu. Nje anaweka mafiga matatu, chungu kinachemka. Wanawake wa pale wanakuja na furu kwenye ungo, vile visamaki vidogo vyenye miba mingi, mama anavikaanga mpaka vinakuwa vikavu, unakula na kichwa. Ugali wa mtama, mweusi, mzito, ule ambao ukiushika unakushika. Na mfuko wa matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikaanikwa mpaka vikawa vigumu kama ubao. Unakiweka kimoja shavuni asubuhi, kinaanza kulainika saa sita, utamu unashuka taratibu kooni mchana kutwa. Wanangu nimewapa. Kabula alitafuna mara moja, akakitoa mdomoni akakiangalia, akasema, "Baba, hiki kimekwisha muda wake."

Tulicheza kuruka kamba na mapacha wakanishinda. Tulitupa vijiwe majini kuona vitaruka mara ngapi, wakanishinda. Tukatumwa kuchota maji tukarudi nusu ndoo na visingizio kamili. Na kila tulipopita kando ya foleni ilikuwa shikamoo, shikamoo, shikamoo, toka lori la kwanza mpaka la mwisho, maana ukimruka mzee mmoja, habari inafika kwa mama kabla yako. Kufika jioni foleni nzima inatujua. Mwenye lori la mkaa anatupa mahindi ya kuchoma, mama anampelekea mboga. Mgonjwa akiletwa, foleni nzima inapisha bila kuambiwa. Siku pantoni linapokuja watu wanaagana kama ndugu, na ng'ambo ya Busisi kila mtu anashika njia yake, hatuonani tena.

Sasa niseme na lile ambalo sijawahi kulisema kwa wanangu, kwa sababu nimewalea kwa kuwaambia nilikuwa mtoto hodari.

Mwaka mmoja, ng'ambo kule, tumeshavuka, tumebakiza mwendo mdogo kufika kwa bibi, tukafika kwenye kalavati. Honi ikalia. Mimi nilikuwa na furu wawili mkononi, wa moto, na nilijua nikiwaweka chini Doto atawamaliza. Nikaruka na fimbo, nikasimama nayo imesimama wima kando yangu kama mlinzi, mdomo umejaa, nikapaza sauti: "Inapita, baba!"

Gari likapita. Tela likadondosha gurudumu la kushoto nje ya kalavati, likalala ubavu, na mapacha wakamwagika kwenye majani kama dengu. Hawakuumia. Baba alishuka. Nikajua leo nimekwisha. Akatembea taratibu, akaichukua fimbo mkononi mwangu, akailaza mwenyewe kukatiza kalavati, ncha moja yenye kitambaa chekundu ikaning'inia hewani mbele ya macho yangu. Akanitazama mdomo, mafuta ya furu yanang'aa.

"Shija," akasema, "wewe umepima kwa mdomo."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga, ningesahau.

Mama yeye aliwakung'uta mapacha, akatafuta mawe matatu, akaweka chungu. Hapo hapo, kando ya kalavati, tela limepinda kama mlevi. Baba akamwuliza anafanya nini. Mama akasema, "Palipokwama ndipo nyumbani. Watoto wale kwanza." Tukala. Wapita njia wakaona moshi, wakasogea, wakaona tela, na kabla ugali haujaisha walikuwa wameshapatikana wanaume kumi wa kulinyanyua. Mpaka leo naamini ule moshi ndio uliowaita. Tungekaa tumeshika vichwa wangetupita.

Ndiyo enzi niliyotoka. Nimekuwa nikiisimulia nyumbani kwangu mpaka mke wangu anajua wapi pa kuguna na wapi pa kucheka. Kabula aliniuliza juzi, kwa huruma ya kweli, "Baba, siku mbili kwenye foleni, bila chaji, mlikuwa mnafanya nini?" Siku hizi daraja lipo. Nasikia unapanda huku, unashuka kule, wimbo mmoja wa redioni haujaisha. Vijana wanapita wameinamia simu, wanaona alama ya Busisi, wanadhani maji yale waliyoyapita ni dimbwi. Na furu nao hawapo. Sangara aliwala karibu wote, kisha sisi tukamla yeye.

Sasa turudi getini.

Baba alishalala zamani, kaburi lake liko kule Sengerema, nyuma ya nyumba ya bibi. Mapacha walimfuata, mmoja baada ya mwingine, kama walivyofanya kila kitu. Mama ninaye mimi, hapa Igogo. Macho yanaona, akili inakata kama wembe, ila nyonga zimekataa. Kile kijumba cha Sengerema kilianguka masika, kabla sijanunua tela, hakuna pa kulaza mtu. Na mama ombi lake ni moja tu tangu nyumba ile ianguke: alale usiku mmoja pale karibu na baba, aamke, amsabahi, arudi. Hataki kwenda na kurudi siku moja. Anasema mtu hasalimiwi kwa kuchunguliwa.

Ndiyo maana nilinunua shangingi na tela. Sikununua kwa sababu nyingine. Nilimwambia, "Mama, nyumba imeanguka, nitakuja na nyumba." Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Halafu nikaanza kuwa mimi. Mvua imezidi, mama. Matairi nayaonea wasiwasi. Kazi ya matofali imebana. Nyonga zako zipumzike kwanza. Nikaishiwa, nikasema tusubiri daraja liishe, maana pantoni litakusumbua. Hicho kilikuwa kisingizio kizuri sana, kilinibeba muda mrefu. Watu wa Mwanza walipofurahia daraja, nilifurahi na mimi, lakini moyoni nilikuwa kama mwanafunzi aliyeambiwa likizo imekwisha.

Jumamosi ikafika. Kuku tuliwatoa, tela likapigwa deki. Mama alikuwa ameamka kabla ya jogoo. Amevaa gauni la kanisani, mfuko wa matobolwa mapajani, ameketi kiti cha mbele kilicholazwa kidogo kwa ajili ya nyonga. Nikafunga tela kwenye chuma, nikachomeka pini, nikaivuta mara tatu kama baba alivyokuwa akifanya. Nikajiona mtu. Nikawasha. Shangingi likatoka getini kwa heshima zote, nusu yangu iko barabarani tayari, napungia watu. Kisha nikasikia mlio kama wa mtu anayekwangua ukoko kwa mwiko wa chuma.

Nikashuka. Tela limejichomeka kati ya nguzo mbili, haliendi mbele. Jirani yetu Mama Koku, Mhaya wa ukuta wa pili, mama ambaye hajawahi kuliona kosa akalipita bila kulisalimia, alikuwa amesimama mlangoni kwake na ufagio. Hakusema kitu. Nikaogopa zaidi.

Mama yangu aliteremsha kioo. Hakugeuka hata kutazama nyuma.

"Shija."

"Naam, mama."

"Ulipima?"

"Nilipima, mama."

"Kwa fimbo au kwa mdomo?"

Mtu mwenye mvi, mwenye kiwanja cha kufyatulia matofali, mwenye mashine mbili na tepu za kupimia tano kazini, nikainamisha kichwa pale pale barabarani. Kabula alicheka mpaka akakaa chini. Mama akangoja kicheko kiishe, akasema, "Haya. Palipokwama ndipo nyumbani. Kabula, lete sufuria."

Nikarudisha tela nyuma hatua chache mpaka likatoka kwenye nguzo, tukamhamishia mama ndani yake. Tukafungua meza ya kukunja. Mke wangu akapika uji, jiko la gesi likawaka kwa mara ya kwanza tangu linunuliwe. Mama akagawa matobolwa. Mlango wa tela uliachwa wazi, mama akaona haifai, akamwambia Kabula afunge kitenge. Kabula akafunga. Mwanga ukaingia wa rangi ya kitenge, ule ule, na kwa dakika chache, naapa, nilisikia maji.

Hapo ndipo niseme ukweli wangu wa pili, mbaya kuliko wa geti. Tela lilipokwama nilisikia nafuu. Nilijua nikifika Kigongo nitapita juu ya ile foleni, nitatazama chini nisione moshi hata mmoja, nisione Kulwa mlangoni wala baba akiweka mawe kwenye magurudumu. Nikikaa Igogo bado wapo, wanasubiri zamu yao ya pantoni. Nikivuka, nimewavuka. Basi nikawa nakunywa uji nikijiambia mama amefurahi hivi hivi, ametulia, kwani kuna haja gani tena ya kwenda? Hapa si ndiyo Kigongo yetu?

Lakini mama hakuwa anakula. Kiazi alikiweka shavuni, uso ameuelekeza dirishani, amevuta lile pazia la maua pembeni. Anatazama ukuta. Tofali zangu za inchi sita, nilizozichagua moja moja.

"Pantoni lilikuwa linachelewa," akasema kwa sauti ya kuongea na mtu mwingine, "lakini lilikuwa linakuja."

Enzi zetu gari halikuwa letu, njia ilikuwa vumbi, kati yetu na bibi palikuwa na ziwa zima, na kila likizo tulifika. Leo gari langu, tela langu, lami imenyooka, ziwa limewekewa daraja. Nimekaa nimeshika kikombe.

Nikatoka nje nipate hewa. Mama Koku alikuwa bado pale pale, ufagio umeegemezwa, mikono kiunoni, ameshasikia yote, maana kitenge hakizuii sauti. Nikamsalimia. Nikaanza kumweleza kwamba nguzo za geti zina nondo nne nne, kwamba fundi yuko safarini, kwamba pengine baada ya msimu wa mvua.

Akanikatisha.

"Baba Kabula, matofali si unafyatua mwenyewe? Mama utamfyatua wapi? Lete nyundo."